Msumeno Anakufa Vizuri

Kijiwe chetu ni mabenchi mawili ya mbao na tairi moja kuukuu, chini ya kibaraza cha Mama Sindano, fundi cherehani wa mtaa. Benchi moja lina mguu mfupi, kwa hiyo anayekaa mwishoni hujifunza kubishana bila kujitikisa. Hapo ndipo ninapomimina kahawa anayochemsha mama yangu, tangu miguu yake ilipoanza kuvimba nami nikaacha shule kidato cha pili ili birika lisikae bure. Wananiita Ticha. Walianza kwa dhihaka, sasa wamesahau kwamba ilikuwa dhihaka. Wa kudumu ni wanne: Mama Sindano mwenyewe; Refa, mzee aliyechezesha mpira hadi magoti yakakataa, na filimbi bado anaivaa shingoni; Antena, fundi simu, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea; na Wembe, kinyozi wa jirani, anayezijua methali zote isipokuwa maana zake.

Asubuhi ile nilitoka nyumbani na birika mkono huu, ndoo ya vikombe mkono ule, na agizo la mama kichwani. Tangu alfajiri picha ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu. Ilimwonyesha kaka yangu amelala kwenye kitanda chembamba, amefumba macho, shuka limemfika shingoni, na chini yake maneno: Msumeno hatunaye tena. Mama aliitazama muda mrefu. Hakulia.

"Nilishamlilia huyu mara moja akiwa hai," alisema. "Silii tena kwa picha. Nenda kijiweni, wale hujua mambo kabla ya wenyewe. Wasikilize, kisha uje uniambie neno moja tu. Kweli, au uongo."

— Mama ameamkaje? Refa aliniuliza kabla sijatua ndoo.

— Ameamka. Anataka kujua.

— Kujua nini?

— Unajua, Refa.

Cherehani ya Mama Sindano ilikuwa inakimbia. Wembe alikohoa, akanyoosha kikombe.

— Mimina, Ticha. Mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo si methali ya kahawa, Antena alimwambia.

— Ni ya mkono. Wangu huu hapa, na ni mtupu. Unataka nini zaidi?

Nilimimina kwa wote. Antena alitoa simu yake, akaiegemeza juu ya tairi ili kila mtu aione ile picha.

— Haya, alisema. Hii picha ni ya kuigiza. Nimeitazama kifundi, sikuitazama kishabiki. Angalieni kivuli cha pua, kimeangukia kushoto. Sasa angalieni kivuli cha ile glasi mezani. Kimeangukia kulia. Jua ni moja, jamani. Penye vivuli viwili pana taa mbili kubwa, na penye taa mbili kubwa pana kamera.

— Hospitali hakuna taa mbili? Mama Sindano aliuliza bila kuinua kichwa.

— Hospitali gani hiyo unayoijua wewe, yenye taa mbili na zote zinawaka?

— Sema wewe Antena!

— Halafu huyu kijana, Wembe alidakia, amekufa mara ngapi tunamwona? Kwenye ile tamthilia ya wachimba mawe aliangukiwa na jabali. Ile ya magendo akapigwa risasi ndani ya beseni la kuogea, na suti yake. Ile ya mirathi akaumwa na nyoka.

— Ya nyoka ilikuwa kiboko.

— Alibadilika rangi!

— Rangi alipakwa, Refa alisema.

— Sawa, alipakwa. Na jicho? Lile jicho lililogeuka pole pole, nani alilipaka?

Ni kweli, kaka yangu alikuwa anakufa vizuri kuliko waigizaji wote. Waongozaji wa filamu walimwita kwa kazi hiyo hasa. Alikuwa hapewi kuoa, hapewi kurithi, hapewi kuwa baba wa mtu. Alipewa kufa, na watu walizima televisheni wakiwa wamekaa kimya. Kila alipokufa mama alichukua simu hapo hapo, kabla majina ya mwisho hayajamaliza kupita, akampigia. Naye alikuwa anapokea kwa maneno yale yale: "Niko hai, mama. Nakula." Mama alijua vizuri kwamba ni maigizo. Alikuwa anapiga tu.

— Simu yake haipokelewi, niliwaambia. Mama amepiga tangu alfajiri. Kwanza ilikuwa inaita, sasa imezimwa kabisa.

— Ndivyo inavyotakiwa! Wembe alipiga paja. Kampuni za filamu siku hizi zinawanyang'anya simu, wasije wakatoa siri ya mwisho wa mchezo. Siri ya mtungi aijuaye kata.

— Na kata ni nani hapo?

— Kata ndiyo hiyo simu. Imezimwa.

Nilicheka, na kifua changu kikalegea kidogo. Refa aliniona nikicheka, akageuza uso upande wa barabarani kama mtu aliyeitwa, lakini hakukuwa na aliyemwita.

— Ticha, Antena alisema, wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki vizuri. Sisi tunamjua kaka yako tangu anaanza. Huyu ni mtu wa kiki. Kiki kwake ni kama chumvi. Bila kutafuta kelele haendi popote.

— Wimbo wa kwanza tu, alitutukana mtaa mzima, Wembe alisema. Mimi nimo mstari wa tatu. "Kinyozi wa kona ukimpa kichwa, unarudi nyumbani sikio limekatwa." Mpaka leo watoto wananiimbia.

— Na wateja wakaongezeka.

— Walikuja kunitazama! Walikuwa wanakaa kwenye kiti wameshika masikio yao kwa mikono miwili. Utamnyoaje mtu hivyo?

— Lakini ulifurahi.

— Nilifurahi, Wembe alikiri. Mgema akisifiwa.

— Akisifiwa nini?

— Akisifiwa, anafurahi.

Redio ziliufungia ule wimbo. Alipotoa wa pili, wa kuwasema wakubwa wa soko, polisi walimlaza ndani, na alipotoka akaimba kuhusu godoro la polisi. Mtaa uligawanyika. Wengine walisema kijana anasema tunayoyaogopa. Wengine walisema mdomo wake ni choo kisicho na mlango. Mama alikuwa anamtetea kwa pande zote mbili, mpaka siku kaka alipojifanya amekufa.

Hiyo ndiyo habari ambayo kijiwe hakichoki kuirudia, na asubuhi ile waliirudia tena, kwa zamu, kana kwamba kila mmoja ana kipande chake.

— Mimi nilisimama mlangoni pa kile chumba alichopanga, Refa alianza. Amefunikwa shuka jeupe. Nikashindwa kuingia. Nimechezesha fainali nimerushiwa mawe, lakini pale nilishindwa.

— Mimi niliingia, Wembe alisema. Nikamgusa mguu. Baridi! Baridi kama bomba la maji. Nikatoka nikawatangazia, jamani, mwenzetu ameondoka. Kumbe mwenzenu alikuwa ameloweka miguu kwenye ndoo ya barafu.

— Turubai likafungwa hapa hapa, Mama Sindano alisema. Nikaanza kukata kitambaa cheupe. Mkasi huu huu.

— Na kamera zimejificha, Antena alimalizia. Moja dirishani, moja kwenye tenga la nyanya. Ukweli, kwa ufundi, nilimvulia kofia.

— Usimvulie, Mama Sindano alimkata.

Jioni ile kaka alitokea juu ya pikipiki, miwani ya dhahabu usoni, anacheka. Wimbo ulitoka wiki hiyo hiyo. Kabla ya kiitikio walikuwa wamepachika kilio. Kilikuwa cha mama yangu, kile alichokitoa alipoletewa habari, wamekikata vizuri mwanzo na mwisho. Kwenye sherehe watu walicheza muziki kwa kilio cha mama yangu. Walikuwa wanakisubiri, kikifika wananyoosha mikono juu.

Mama hakusema naye kwa muda mrefu sana. Halafu siku moja mchana kaka alikuja bila miwani, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama. Nilikuwa nasuuza vikombe, nilisikia kila neno. Alimwambia: "Mama, nimeacha muziki. Mwongozaji mmoja aliniona chini ya lile shuka, anasema mtu anayeweza kulala vile bila kupumua ni mwigizaji. Nataka kwenda. Huko nikidanganya, kila mtu atakuwa ameshajua kwamba nadanganya." Mama aliendelea kuchagua mchele. Akachagua mpaka ukaisha. Kisha akaniambia, "Mpe kaka yako kahawa."

— Kwa hiyo unaona, Ticha, Antena alisema. Huyu mtu macho ya watu si ushahidi kwake. Mguu wa baridi si ushahidi. Picha ndiyo iwe ushahidi?

— Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, Wembe alisema.

Wote tulimtazama. Kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa imekaa mahali pake.

— Naam, akaendelea. Na huyu aliumwa na nyoka kwenye ile ya mirathi. Kwa hiyo yuko wapi sasa? Ameshtuka, amejificha.

— Aaa, Wembe! Ulikuwa umefika, umerudi.

— Ngojeni niwaambie mimi, Refa aliingilia. Hili nalijua kwa mpira. Mchezaji akitaka kununuliwa na klabu kubwa ya nje, anapotea. Haonekani mazoezini, simu imezimwa, watu wanasema ameumia, amefungwa, amerogwa. Kumbe yuko hotelini anapimwa afya. Msumeno ameitwa na filamu kubwa ya nje. Hii picha wameitoa wenyewe, kuwapoteza maboya wengine wanaomtaka.

— Na shuka?

— Anapimwa afya, nimesema. Unapimwa umesimama?

Mama Sindano alisimamisha cherehani.

— Yule si yeye, alisema.

— Nani si yeye?

— Wa kwenye picha. Mimi ndiye niliyemshonea koti la kwanza la jukwaani, lile lenye vyuma mabegani. Nilimpima mara tatu kwa sababu vipimo vilikuwa havikubali. Msumeno ana bega moja limeshuka, la kulia. Tangu utoto, alikuwa akimbebea mama yake maji. Huyu aliyelala hapa mabega yako sawa. Wamelaza mtu mwingine.

Alisema hivyo kwa sauti ya juu, kama anaongea na mtu aliye mbali. Niliinama kuitazama picha. Mabega yalikuwa sawa kweli. Kisha nikafikiri kwamba mtu yeyote akilazwa chali, mabega hulala sawa, na nikaona Mama Sindano naye anafikiri hivyo hivyo, akaharakisha kukanyaga cherehani tena.

— Au hata hawakulaza mtu! Antena alipanda juu ya wazo hilo kama basi linaloondoka. Siku hizi kuna mitambo inatengeneza uso. Unauza uso wako, unasaini, basi. Uso unabaki unafanya kazi, unakufa, unafufuka, wewe mwenyewe umekwenda zako kulima vitunguu mahali. Msumeno saa hizi yuko shambani na gambuti. Anamwagilia.

— Vitunguu hataweza, Wembe alisema. Ana macho mepesi.

— Basi nyanya.

— Mimi nasema, Wembe aliendelea, wakubwa wa soko hawakumsahau. Kwa hiyo ameamua kufa rasmi ili waache kumtafuta, na anaishi humu humu mjini kwa kujibadilisha. Mmemwona yule mama anayeuza machungwa karibu na kituo cha mafuta? Mrefu, hasemi sana? Juzi nilimtazama kidevuni. Nawaambia kama kinyozi. Kile kidevu kimenyolewa.

— Wembe!

— Kidevu hakinidanganyi! Haba na haba!

— Haba na haba nini?

— Ndevu. Zinaota haba na haba.

Nilicheka tena, na hapo ndipo nilipoona kwamba mimi peke yangu ndiye ninayecheka. Refa alikuwa ameshika filimbi yake bila kuipuliza. Kwa kawaida Wembe akifika hapo, Refa hupuliza na kumtoa nje kwa kadi nyekundu, ambayo ni kipande cha sanduku la viatu. Niliitazama cherehani. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka juu ya kitambaa kile kile, mahali pale pale.

— Mama Sindano, uzi umekatika.

— Najua, mwanangu.

— Tangu lini?

— Mimina kahawa, Ticha, Refa alisema.

Nilimimina. Walikunywa haraka, wakanyoosha vikombe tena. Wembe, ambaye siku zote hulalamika kwamba kahawa yetu ni chungu kama deni, alikuwa amekunywa kuliko wote, na bado alinyoosha.

— Mimi inanibidi nirudi, nilisema. Mama anangoja. Nimwambie nini? Ni uongo?

Gari la maji lilipita, likatumwagia vumbi. Lilipokwisha kupita, kila mmoja alikuwa anafuta vumbi kwenye kikombe chake.

— Antena. Taa mbili. Ni uongo, siyo?

— Taa ni mbili, Antena alisema. Hilo naapa.

— Mama Sindano?

— Bega lile, mwanangu, alisema, akaishia hapo.

— Refa, amua wewe. Ndiyo kazi yako.

— Bado dakika za nyongeza, Ticha. Mimina kwanza.

Niliinamisha birika. Lilitoa tone, likatoa mashapo, likakoma.

— Imekwisha.

— Tikisa.

— Imekwisha, Refa.

— Basi tuchemshe nyingine hapa hapa, Mama Sindano alisema, akainuka kwa haraka kiasi kwamba mkebe wa vifungo ulianguka. Nina makaa ya pasi. Wembe, lete maji.

— Nyumbani kuna birika la pili, nilisema. Nitaenda kulichukua, dakika moja tu.

— Kaa! walisema wote kwa pamoja.

Kisha wakanyamaza. Vifungo vilikuwa bado vinabingirika sakafuni. Mama Sindano alitazama ukuta wa nyuma yake, ukuta ambao upande wa pili ni chumba chetu, halafu akawageukia wenzake na kusema kwa kunong'ona:

— Msinyamaze hivyo. Anatusikia.

— Nasema mama wa machungwa ana ndevu! Wembe alipaza sauti mara moja, lakini ilikatika katikati, kama sauti ya mvulana.

Nilikuwa nimeshika kishikio cha birika. Lilikuwa bado la moto, nakumbuka, lakini sikuliachia.

Ndipo gari dogo jeupe likasimama mbele ya kibanda cha Wembe. Dereva hakushuka. Alishuka dada mmoja mwenye suruali ya kazi na mkanda kiunoni uliojaa brashi na sponji, na kwenye mkono wake wa kushoto, kutoka kifundoni hadi kiwikoni, kulikuwa na mistari ya rangi za ngozi, nyeusi, kahawia, nyekundu nyekundu. Alikuwa ameacha kazi katikati. Alitusogelea, akatusalimu, kisha akauliza:

— Samahanini. Nyumbani kwa mama yake Msumeno ni wapi?

Hawa ni watu wanaoweza kukuelekeza hadi nyumba ya mtu aliyehama kabla sijazaliwa. Wangekuambia mlango gani, hodi ngapi, na mbwa yuko upande upi. Antena aliitazama simu yake iliyozima kioo. Wembe alitazama kikombe.

— Mama yake Msumeno, dada alirudia. Yule mwigizaji. Nimeambiwa ni mtaa huu.

— Umetoka mbali, dada, Refa alisema. Kaa kwanza, upumzike.

Yule dada alimgeukia.

— Sauti hii naijua. Ni wewe. Ni wewe niliyekupigia alfajiri.

Refa alisogeza kikombe chake kando.

— Aliniambia zamani, dada akaendelea, siku moja nampaka rangi. Alisema likitokea la kutokea usimpigie mama, mpigie Refa, ndiye anayejua kusema mchezo umekwisha. Nikakupigia. Ukanitukana, ukakata.

— Nilidhani ni kiki, Refa alisema.

— Nikapiga tena.

— Ukapiga tena, nikadhani bado ni kiki. Mwanangu, hujui alichotufanyia huyu. Sisi tulishafunga turubai. Nilikuwa nakuuliza huku nasikiliza kama kuna mtu anacheka nyuma yako. Mpaka uliposema alikuwa amevaa koti la daktari.

— Ndiyo. Lile jeupe.

— Hilo lilikuwa la kwangu na lake tu. Alikuja kuniambia mwezi uliopita, akaniapisha, akasema: Refa, nimepata ya daktari, safari hii sifi, natibu watu mpaka mwisho. Usimwambie mama. Nataka akae angoje nife, nisife.

Hapo nilielewa kwa nini sikuwa nimepewa jibu. Refa alikuja kijiweni kabla jua halijapanda, akawaambia. Wakakubaliana wasiseme mpaka mtu wa kampuni afike na kuthibitisha mbele ya macho yao, kwa sababu walishamwamini Wembe na mguu wa baridi, na hawakutaka mama yangu alizwe mara ya pili kwa uongo. Hilo ndilo walilonieleza baadaye. Lakini siku zile zilizofuata Mama Sindano aliniambia jambo lingine. Aliniambia: "Tulikuwa tunabishana, mwanangu, na kila aliyeongea alikuwa anaomba lake liwe ndilo la kweli. Hata Wembe na machungwa yake. Ningemwona yule mama ana ndevu ningembusu."

Dada wa vipodozi alikaa mwisho wa benchi lenye mguu mfupi, nalo likainama.

— Ilikuwa jana usiku? Antena aliuliza. Swali la fundi, la mtu anayetafuta waya ulipokatikia.

— Jana jioni, wakati wa mapumziko. Alisema kifua kinambana. Akalala kwenye kile kitanda cha mchezo, kitanda cha mgonjwa, akajifunika shuka, taa zote zinawaka. Mmoja wetu akampiga picha. Tukamwambia, toka hapo bwana, leo wewe ni daktari, mgonjwa hajafika. Tukacheka. Naye alicheka kidogo. Dada aliutazama mkono wake wenye rangi. Tulidhani anafanya mazoezi. Ndivyo anavyofanya siku zote, tumemzoea. Mimi ndiye niliyeona kwamba jasho lake linaondoa poda, na sikuwa nimempaka jasho.

— Taa mbili, Antena alisema polepole, akafunika uso kwa viganja.

Wembe alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta, anapekua methali zote alizonazo. Kisha akaufunga.

— Sasa, dada alisema. Mama yake. Nataka nimwambie mimi, nilikuwepo. Niambieni tu nyumba.

Nilitua birika chini.

— Ni kwetu, nilisema. Mimi ni mdogo wake. Nifuate.

Alinitazama usoni, akaona, nafikiri, mahali ambapo kaka yangu alifanana nami, kwa sababu midomo yake ilianza kucheza na akainama haraka kufunga mkanda wa brashi ambao haukuwa umefunguka.

Kutoka kijiweni hadi kwetu ni kuzunguka kona tu. Nilitangulia. Nyuma yangu nilisikia viatu vya dada, kisha ndala, kisha viatu vizito vya Refa na magoti yake mabovu. Nilipogeuka, kijiwe kizima kilikuwa kinatufuata, Wembe na shuka la kunyolea bado limening'inia begani, Antena ameiacha simu yake pale juu ya tairi mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuichukua. Sijawahi kuona kijiwe kinahama. Mvua hukikuta pale pale.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, sikio amelielekeza ukutani kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Tulijaa mlangoni. Hakuniuliza lile neno moja, na mgeni hakumtazama kabisa. Alimtazama Refa, akamngoja. Akamtazama Antena, akamngoja. Akamtazama Mama Sindano, akamtazama Wembe.

— Mbona mmeacha? aliwauliza. Nilikuwa nawasikia vizuri. Bishaneni.